Kiungulia kwa mwenye fibromayalgia: anza na mfuko wa dawa, kisha saa ya chakula, kisha kitanda

Fibromayalgia ni maumivu yaliyosambaa mwili mzima kwa miezi 3 au zaidi, pamoja na uchovu usiotulizwa na kulala, usingizi mwepesi na akili nzito. Vipimo vya damu na picha za eksirei hutoka safi, kwa sababu hitilafu iko kwenye namna neva na ubongo vinavyopokea maumivu. Wengi wenye hali hii husumbuliwa pia na kiungulia, na hapo ndipo mambo huchanganyika. Mgonjwa anaambiwa ana vidonda vya tumbo, anapewa omeprazoli ya kupunguza asidi, huku kwenye mfuko uleule akiwa na diklofenaki ya mgongo anayoimeza kila siku. Dawa moja inajenga, nyingine inabomoa.

Tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako, lakini sehemu mbili za mwanzo asiziruke mtu.

Dalili zisizongoja majaribio ya nyumbani

Chakula kinakwama kikishuka, au kumeza kunauma. Unapungua uzito bila kukusudia. Unatapika damu, au matapishi yanafanana na mashapo ya kahawa. Choo ni cheusi, kinanata kama lami na kina harufu kali (vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya cheusi, ila hakinati hivyo). Umeambiwa una upungufu wa damu. Unatapika kila siku. Au kiungulia kimeanza kwa mara ya kwanza ukiwa umeshavuka miaka 50.

Ukiwa na mojawapo ya hizi, nenda hospitali yenye endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni. Ukitapika damu au choo kikiwa kama lami, nenda leo hii, hata kama ni usiku. Ukanda huu wa Afrika Mashariki, Malawi ikiwemo, una saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia, kwa hiyo kwa mtu wa Mbeya, Njombe au Iringa chakula kukwama si jambo la kuvumilia mpaka mavuno yaishe.

Mwaga mfuko wa dawa mezani

Toa kila kitu: bahasha ndogo za duka la dawa zilizoandikwa 1×3 bila jina la dawa, vidonge vilivyobaki mwezi uliopita, chupa ya dawa ya mitishamba, na vile ulivyogawiwa na jirani. Bahasha ambayo hujui ndani kuna nini, irudishe ulikoinunua, waandike jina. Halafu tenga hivi.

Kwanza, dawa za maumivu na uvimbe: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, meloksikamu, piroksikamu. Zote hupunguza prostaglandini, kemikali ambayo kwenye kiungo kilichovimba huleta maumivu, lakini tumboni ndiyo inayohakikisha ukuta una ute wa kujikinga na asidi. Ikipungua, ukuta unachubuka. Kwa mwenye fibromayalgia hasara inakuwa mara mbili, kwani ugonjwa wenyewe hauna uvimbe wa kupunguza, na dawa hizi huusaidia kidogo sana au haziusaidii kabisa. Sindano nayo haikwepi: ile imani kwamba diklofenaki ya sindano “haipiti tumboni” haina msingi, kwa sababu dawa hufika kwenye ukuta wa tumbo kupitia damu. Soma pia maandishi madogo. Vidonge vingi vya “maumivu makali” ni diklofenaki iliyochanganywa na parasetamoli, hivyo mtu anaweza kuwa anameza diklofenaki mara mbili kwa majina mawili. Mwenye baridi yabisi au ugonjwa mwingine wa viungo pamoja na fibromayalgia asiziache peke yake. Amuulize daktari kama anahitaji kinga ya tumbo.

Pili, steroidi: prednisoloni na deksamethasoni. Hazitibu fibromayalgia, na zikikutana na diklofenaki hatari ya tumbo kuvuja damu hupanda. Kama umezitumia kila siku kwa zaidi ya wiki 3 usizikate ghafla, zipunguzwe na daktari. Na dawa ya mitishamba inayofuta maumivu yote ndani ya saa chache kisha uso unaanza kuvimba na kuwa mviringo, ishuku kuwa imetiwa steroidi.

Tatu, dawa ambazo kweli hutolewa kwa fibromayalgia. Amitriptilini ndiyo inayopatikana kirahisi na kwa bei ndogo; huanzwa kwa mg 10 usiku, ikipandishwa taratibu. Hukausha mate, na mate ndiyo yanayosuuza asidi kwenye umio. Hulegeza mlango kati ya umio na tumbo, hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula, na huleta choo kigumu. Usiiache kwa sababu hiyo. Imeze saa 1 hadi 2 kabla ya kulala badala ya kuimeza ukiwa tayari umelala, na ukiona kiungulia kimeanza wiki ileile dozi ilipopandishwa, rudi kwa aliyeipandisha umwambie hivyo hivyo. Duloksetini huleta kichefuchefu wiki za mwanzo, hupungua ikimezwa na chakula; ikichanganywa na diklofenaki au aspirini, uwezekano wa kutokwa damu huongezeka. Pregabalini na gabapentini huongeza uzito, na kitambi ni mzigo unaosukuma tumbo kwenda juu. Tramadoli hufanya tumbo na utumbo kwenda polepole.

Nne, vidonge vinavyounguza umio vikikwama njiani: doksisaiklini na madini ya chuma ndivyo vinavyokutana na watu wengi. Mtu aliyechoka hulala navyo, akavimeza kwa mate. Meza ukiwa umeketi wima, kwa glasi nzima ya maji (ml 200), na usijilaze kwa dakika 30.

Baada ya kutenga, kinachobaki kwa maumivu ya siku mbaya ni parasetamoli: vidonge 2 vya mg 500, pengo la saa 6, visizidi vidonge 8 kwa saa 24, na vipungue kwa mwenye uzito chini ya kilo 50, ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana. Haina nguvu kubwa dhidi ya fibromayalgia, tuseme ukweli, lakini haichubui tumbo.

Mchana hakuna shida, usiku kifua kinawaka

Umbo hili huwapata wengi, na hudhuru sana. Ukilala, nguvu ya mvutano wa ardhi haiishikilii tena asidi chini. Mate hupungua na kumeza karibu husimama. Asidi ikipanda hukuamsha, hata kama asubuhi hukumbuki kuamka. Usingizi ukikatika, maumivu ya kesho yake yanazidi, na umio wenyewe unakuwa mwepesi kuumia kwa asidi ileile. Ndiyo maana baadhi ya watu wakitengeneza usiku tu, hata mabega hupata nafuu.

Sababu ya kwanza ni saa. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Makete, Njombe na Uyole huwafanya watu wakae jikoni hadi chakula kiive saa 3 usiku, wakala wakashiba, wakaingia chini ya mablanketi kabla ya saa 4. Mwenye fibromayalgia hufanya hivyo mwaka mzima kwa sababu mwili umechoka. Kati ya tonge la mwisho na kulala zipite saa 3. Anayelala saa 4 amalize kula saa 1. Mlo mkubwa uhamie mchana, jioni iwe kidogo: viazi vya kuchemsha, ndizi za kupika zisizo na mafuta mengi, wali na mboga ya majani. Kama familia inakula pamoja usiku na huwezi kujitenga, kula chako saa 12 na nusu, kisha kaa nao bila kula tena.

Sababu ya pili ni kitanda. Kuongeza mito hakufai: mito huinua kichwa, hukunja tumbo, na asubuhi shingo inayouma tayari inauma zaidi. Kinachotakiwa ni kitanda kizima kuwa na mteremko.

Nunua au omba masalia ya mbao, Mufindi hayakosekani, ukate vipande viwili vyenye urefu wa sentimita 15 hadi 20. Weka chini ya miguu miwili ya upande wa kichwani tu. Chonga juu ya kila kipande kishimo cha sentimita 2 ili mguu wa kitanda ukae ndani usiteleze, kisha keti ukitikise kabla ya kulala. Tofali moja la kuchoma lililolazwa halifiki urefu huo, na matofali mawili yaliyopandana huhama usiku. Anayelalia godoro chini aweke gunia la pumba lililosawazishwa chini ya godoro kuanzia kiunoni kwenda juu, ili mgongo upande kwa mteremko bila kuvunjika katikati. Siku za kwanza utateleza kuelekea miguuni. Kanga iliyoviringwa chini ya magoti huzuia hilo na hupumzisha kiuno.

Lalia ubavu wa kushoto. Ukilala hivyo, sehemu kubwa ya tumbo inakaa chini ya mlango wa umio. Ukilala kulia, mlango unazama kwenye asidi. Kama bega la kushoto haliwezi kubeba, kumbatia mto ili mkono wa juu usivute bega, na anza na saa 2 za mwanzo tu za usiku, ndizo zenye asidi nyingi baada ya chakula.

Wape mabadiliko haya wiki 2 kamili kabla ya kuyahukumu.

Kinapanda ukiinama

Kupalilia, kudeki, kufua kwenye beseni lililo chini, kufagia kwa ufagio mfupi: kila kimoja kinabana tumbo wakati mlango wa umio umelegea. Kanga iliyofungwa kwa nguvu kiunoni au mkanda uliobanwa hufanya vivyo hivyo. Legeza fundo, weka beseni juu ya stuli, tafuta mpini mrefu, na kazi ya kuinama ianze saa 2 baada ya kula. Uchovu ukikukamata baada ya mlo wa mchana, usijilaze kitandani. Pumzika kwenye kiti chenye egemeo, kisha tembea polepole dakika 10 kwenye njia tambarare. Kupanda mlima tumbo likiwa limejaa hakusaidii.

Omeprazoli “haifanyi kazi”

Mara nyingi inamezwa vibaya. Omeprazoli haizimi asidi iliyokwisha kumwagika. Huzima pampu zinazoitengeneza, na huzikamata vizuri pale chakula kinapoziamsha. Kwa hiyo mg 20 humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo wa kwanza wa siku. Anayeimeza usiku baada ya kula, au siku anayosikia kuungua tu, anapoteza sehemu kubwa ya dawa. Kapsuli isitafunwe wala punje zake zisisagwe, maana asidi itaziharibu kabla hazijafyonzwa. Nguvu yake kamili huja baada ya siku kadhaa, na kozi ya kawaida ni wiki 4 hadi 8.

Umeimeza sawasawa wiki 8 na hakuna kilichobadilika? Hapo swali ni kama kweli ni asidi. Kwa mwenye fibromayalgia, neva za umio zinaweza kuwa kali kama zile za ngozi na misuli: kiasi kidogo cha asidi, au hata hewa na maji yanayopita, husikika kama moto. Dalili zinazoelekeza huko ni kuungua siku nzima bila kufuata mlo, kuungua kunakopanda siku zilezile maumivu ya mwili yanapopanda, na endoskopi isiyoonyesha mchubuko. Kuongeza omeprazoli hadi vidonge 4 kwa siku hakutasaidia hali hii. Dozi ndogo ya dawa ya neva inaweza kusaidia, na mojawapo ni amitriptilini ileile tuliyoituhumu hapo juu. Ndiyo maana haifai kuiacha kwa kubahatisha.

Kuna pia suala la bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori. Watu hutibiwa antibiotiki mara tatu, mara nne, kwa sababu kipimo cha damu kinaendelea kusema wapo. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, nazo hubaki mwilini muda mrefu baada ya bakteria kufa. Kujua kama umepona, kipimo cha choo au cha pumzi ndicho chenye maana, kikifanywa wiki 4 baada ya antibiotiki na wiki 2 baada ya kusimamisha omeprazoli. Na hata ukiwaondoa, kiungulia kinaweza kubaki palepale: bakteria hawa huleta vidonda, lakini si wao wanaolegeza mlango wa umio.

Zoezi moja linafaa kwa aina zote mbili za kuungua. Keti, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua kwa sekunde 4, mkono wa tumboni pekee ndio unyanyuke; itoe polepole kwa sekunde 6. Dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku, moja ikiwa baada ya chakula. Kiwambo cha pumzi, msuli ulio kati ya kifua na tumbo, kimezunguka mlango wa umio na husaidia kuubana. Mazoezi ya kukaza tumbo kwa kujikunja yaache.

Kifua kinauma: asidi, mbavu au moyo?

Asidi huanzia chembe ya moyo (juu ya tumbo, chini ya mfupa wa kifua), hupanda kwenda kooni, huja baada ya kula au ukiinama, na huacha ladha ya uchachu. Mbavu, ambazo fibromayalgia hupenda kuzisumbua, huuma ukibonyeza zinapoungana na mfupa wa kifua, ukigeuka au ukivuta pumzi kwa nguvu. Moyo hubana, kama uzito umewekwa juu. Huja ukipanda kilima au ukibeba mzigo, huenda kwenye mkono, taya au mgongo, pamoja na jasho la baridi au kukosa pumzi. Kwa wanawake unaweza kuja kama uchovu wa ghafla na kichefuchefu tu. Kubonyeza mbavu na kusikia maumivu hakuondoi moyo kwenye hesabu. Maumivu mapya ya aina hii yanahitaji kipimo cha moyo kwanza, habari za tumbo zifuate.

Koo linakwaruza, sauti inakauka, kikohozi hakiishi

Asidi inaweza kufika kooni bila kifua kuungua. Lakini moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha hufanya hivyohivyo, kwa hiyo angalia kama koo linapona ukisafiri siku chache. Kikohozi kikifika wiki 2, pima kifua kikuu kabla ya kukisingizia kiungulia. Kwa anayeishi na VVU, kumeza kwenye maumivu pamoja na utando mweupe mdomoni huenda ni fangasi wa umio, na omeprazoli haina kazi hapo.

Chakula: punguza makatazo

Orodha ndefu za vyakula vilivyokatazwa humfanya mgonjwa ale ugali na chumvi, akonde, na kiungulia kibaki. Mafuta mengi ndiyo adui wa kwanza kwa sababu huchelewesha tumbo kumwaga: chipsi mayai, kitimoto ya kukaanga, mchuzi wenye mafuta yanayoelea. Parachichi ni chakula kizuri, ila zima lile kubwa la Rungwe usiku ni mafuta mengi. Kula nusu, mchana. Pombe, ulanzi na komoni zikiwemo, hulegeza mlango na kuharibu usingizi. Soda hujaza gesi. Nyanya, pilipili na kahawa humuunguza mmoja na kumwacha mwingine, basi jaribu kimoja kimoja kwa wiki 2 na uandike kwenye daftari. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, baadaye tumbo hutoa asidi zaidi. Chai ya tangawizi si mbaya ikiwa nyepesi. Tatizo ni kuinywa ikiwa inachemka, kwani kinywaji chenye joto zaidi ya nyuzi 65 kinaunguza umio na kinahusishwa na saratani yake. Mimina, subiri kidogo. Maji ya magadi yaache: gesi inayotoka husukuma asidi juu, na chumvi yake hupandisha presha.

Dawa ya maji ya tumbo na ARV

Dawa za maji na za kutafuna zenye magnesiamu na alumini hutuliza kwa saa 1 au 2, na hazina ubaya kwa siku moja moja. Shida ni zinazokutana nazo. Njombe, Iringa na Mbeya zina watu wengi wanaotumia ARV (dawa za VVU) zenye dolutegraviri, na magnesiamu au alumini huizuia kufyonzwa: ARV imezwe saa 2 kabla ya dawa ya tumbo, au saa 6 baada yake. Omeprazoli haina tatizo na dolutegraviri, lakini anayetumia atazanaviri asiianze bila kliniki yake kujua. Gabapentini nayo imezwe saa 2 baada ya dawa ya tumbo. Madini ya chuma, doksisaiklini na siprofloksasini, vilevile weka pengo.

Unaacha omeprazoli, kiungulia kinarudi kwa kishindo

Ukiwa umeitumia miezi 2 au zaidi, tumbo huwa limejiandaa kutoa asidi nyingi kuliko kawaida mara dawa inapoondoka. Kuungua huko hudumu wiki kadhaa na mara nyingi si ugonjwa uliorudi. Shuka kwa hatua: mg 20 siku moja ndiyo siku moja hapana kwa wiki 2, kisha kila baada ya siku 2 kwa wiki nyingine 2, kisha acha, katikati tumia dawa ya maji, mara nyingi ml 10 saa 1 baada ya kula. Usianze kushuka mwezi ambao amitriptilini inapandishwa au baridi imekufanya urudi kula saa 3 usiku. Wasiotakiwa kuacha bila daktari ni waliokutwa na michubuko mikubwa ya umio kwenye endoskopi, waliowahi kuvuja damu tumboni, na wanaolazimika kubaki kwenye diklofenaki au aspirini. Hawa wakiitumia kwa miaka, waombe kupimwa magnesiamu na vitamini B12, kwa sababu upungufu wake huleta ganzi, kukaza misuli na uchovu ambao ni rahisi kuuhesabu kuwa ni fibromayalgia ileile.